Mji Ukikua, Nani Hulipia Mabomba? Habari ya Maji Taka ya Isipingo



Kuna habari ambayo mtu haiandiki katika barua ya kupeleka nyumbani, wala haitaji mbele ya wageni waliokuja kunywa chai, nayo ni habari ya maji yanayotoka jikoni, hamamuni na chooni. Adabu yetu imetufundisha kuyasitiri mambo hayo, na adabu hiyo ni njema. Lakini kusitiri huku kuna hasara yake: jambo lisilotajwa hukosa msemaji, na jambo lisilo na msemaji hukosa fedha. Mheshimiwa huja na wapiga picha kufungua bomba la maji safi. Sijapata kusikia aliyeita wapiga picha waje kutazama bomba la maji machafu likizikwa chini ya barabara, ijapokuwa la kwanza bila ya la pili ni balaa.

Sisi tunaokaa Isipingo, iwe ni upande wa stesheni, au vilimani, au kule ufukweni, hatuna udhuru wa kutoijua habari hii. Mto Isipingo huanzia Umlazi, hushuka katikati ya makazi, hupita pembezoni mwa viwanda vya Prospecton, kisha huishia baharini penye mikoko iliyosalia. Sisi tuko mwisho wa mto. Bomba likipasuka huko juu, au pampu ikizimika, huletewa sisi. Na mto wenyewe umedhoofika tangu zamani. Ulipojengwa uwanja wa ndege wa Louis Botha, ulioanza kazi mwaka 1951, mto Mlazi uliokuwa ukikutana na Isipingo karibu na bahari uligeuzwa, ukapitishwa katika mfereji wake peke yake. Uwanja ule ulifungwa mwaka 2010, lakini mto haukurudishwa. Mdomo wa Isipingo ukabaki na maji haba, yasiyo na nguvu ya kujisafisha kama yalivyokuwa.

Swali la makala hii ni moja. Watu wakiongezeka, nyumba zikiongezeka na viwanda vikiongezeka, ni nani anayepaswa kutoa fedha za kupanua mabomba na mitambo ya kusafisha maji taka? Swali hili linatugusa wageni zaidi ya inavyodhaniwa, kwa sababu huduma inapozidiwa, mtu wa kwanza kunyoshewa kidole huwa ni yule aliyefika mwisho.

Tuanze na jambo lililo karibu na kumbukumbu zetu. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchemi ya Chemchem mpaka mjini, na jina lake linatajwa kwa wema kwa sababu ya jambo hilo. Lakini fikiri, ndugu msomaji: mtu anayechota ndoo mbili kisimani humwaga ndoo mbili. Akifunguliwa bomba ndani ya nyumba yake, humwaga kadiri bomba litakavyotoa. Kila tone linaloingia lina njia ya kutokea, na njia hiyo isipojengwa, maji hujitafutia yenyewe. Kwa miaka mingi maji taka ya Mji Mkongwe yamekuwa yakiishia pwani. Hiyo si hitilafu ya Unguja peke yake. Miji mingi ya kwetu, Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura, Bukavu, ilijenga kwanza kuingiza, ikaahirisha kutoa.

Durban nayo ilianza hivyo hivyo, kwa kuitegemea bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yalijengwa mabomba mawili makubwa ya kupeleka maji taka kilindini, moja kutoka mtambo wa Bluff, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, na jingine kutoka mtambo wa Kusini ulioko Merebank, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Mpango ulikuwa kwamba uchafu upunguzwe kidogo nchi kavu, kisha bahari imalize kazi. Maeneo mengine, Isipingo ikiwemo, yana mitambo yake ya kusafisha.

Mtambo wa namna hii ni mfano wa sufuria ya kupikia watu mia. Ndani ya mabwawa yake ya zege mna vijidudu hai vinavyokula uchafu, na vijidudu hivyo huhitaji hewa, ambayo hutiwa majini kwa mashine za umeme usiku na mchana. Maji yakija zaidi ya kipimo, hupita kabla vijidudu havijamaliza kazi, yakatoka nusu machafu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, vijidudu hukosa pumzi. Mwaka 2023 umeme wa zamu ulikatwa nchini humu kuliko mwaka mwingine wowote, na kila pampu isiyo na jenereta ilikuwa ni chemchemi ya uchafu inayosubiri saa yake. Kuna na mvua: mifuniko iliyovunjika na mabomba yenye nyufa huingiza maji ya mvua ndani ya njia ya maji taka, mtambo ukapokea siku ya mvua mzigo ambao haukukusudiwa kuubeba.

Hali kadhalika nyumbani. Bomba linalotoka katika nyumba ya kawaida lina upana wa milimita 100, na lile la mtaani huwa milimita 150 au zaidi kidogo. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja, leo ina vyumba vya uani vinavyopangishwa kwa familia nne. Vyumba vimeongezwa, milango imeongezwa, mita za umeme zimeongezwa. Bomba ni lile lile. Tusiseme hili kwa kuwalaumu wapangaji, kwani mpangaji hupanga palipo na nafasi. Anayepokea kodi nne kwa bomba moja ndiye aliyepata faida bila ya kuilipia njia.

Nani basi alipe?

Hapa ndipo penye mzozo, na inafaa twende taratibu. Bomba la maji taka lina tabia moja inayolitofautisha na bidhaa nyingi: linatakiwa liwepo kabla ya watu wa kulilipia hawajafika. Huwezi kujenga nyumba elfu moja, ukasubiri wenyeji wake walipe ankara kwa miaka kumi, ndipo ujenge mtambo. Fedha hutoka leo, malipo hurudi polepole kwa muda wa kizazi kizima. Kwa hiyo manispaa hukopa. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 inayosimamia fedha za manispaa inaruhusu mkopo wa muda mrefu kwa ajili ya miradi ya kudumu kama mitambo na mabomba, au kulipia deni la namna hiyo lililotangulia. Manispaa haikopi kwa muda mrefu ili kulipa mishahara. Hoja yake ni kwamba mtoto atakayetumia bomba mwaka 2050 naye achangie. (Suala la riba tunawaachia wanavyuoni, lakini ni vyema tujue kwamba lipo ndani ya ankara tunazolipa.)

Njia ya pili ni ruzuku kutoka serikali kuu, ambayo hukusudiwa hasa kwa masikini. Mtu asiye na kazi hawezi kutozwa gharama kamili ya mtambo, na itakuwa dhulma kumwambia asubiri mpaka apate kazi ndipo apate choo. Durban ina historia ya kusifika katika jambo hili. Mwaka 2000 mipaka ya mji ilipanuliwa, ikaundwa Manispaa ya eThekwini yenye karibu kilomita za mraba 2,300, na makumi ya maelfu ya kaya za vijijini zikaingia ndani ya mji zikiwa hazina choo kinachofaa. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo kipindupindu kilizuka KwaZulu-Natal, na kabla hakijamalizika kiliwaugua zaidi ya watu 100,000. Kuvuta mabomba juu ya milima yote ile kusingewezekana kwa fedha zilizokuwapo. Wahandisi wa mji wakachagua vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, visivyohitaji maji wala bomba, wakajenga karibu 80,000. Katika mitaa ya mabanda wakaweka makontena yenye vyoo, mabafu na mahali pa kufulia, kwa kusudio kwamba mtu asitembee zaidi ya mita 200 kuyafikia. Mwaka 2014 idara hiyo ya maji ilitunukiwa tuzo mjini Stockholm kwa kazi zake.

Naandika haya ili tusije tukasema, kama wanavyosema wengi siku hizi, kwamba mji huu haukuwa na watu wenye akili. Ulikuwa nao. Wala watumiaji wengi hawakuvifurahia vyoo vile, kwani kila mtu alitaka choo cha kuvuta maji kama cha tajiri. Lakini swali la fedha liliangaliwa usoni, likajibiwa kwa kadiri ya uwezo.

Njia ya tatu ni kumtoza anayejenga. Mwenye kiwanja anayetaka kugeuza shamba la miwa kuwa maghala, au nyumba moja kuwa fleti kumi na mbili, huongeza mzigo kwenye mtambo tangu siku ya kwanza. Ni haki alipe sehemu ya upanuzi kabla ya kuunganishwa. Kwa miaka mingi kanuni za malipo hayo zilikuwa na utata, kila manispaa na hesabu yake, na wajenzi wakubwa wakiwa na mawakili. Mwaka 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitia sahihi marekebisho ya sheria ya mamlaka ya fedha ya manispaa, ambayo yanaweka utaratibu mmoja wa malipo hayo kwa nchi nzima. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye uadilifu zaidi kwa mji unaokua, maana anayeuza ukuaji ndiye anayeununulia njia. Ila ina mwanya wake, nao ni mkubwa: haimgusi yule anayeongeza vyumba vya uani kimya kimya bila ramani wala kibali. Isipingo imekua zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa fleti mpya.

Njia ya nne tunaijua sote: ankara. Ada ya maji taka hufuatana na maji yanayotumika, kwa dhana kwamba kinachoingia ndicho kitokacho. Viwanda hulipa kwa wingi wa maji na pia kwa ukali wa uchafu wake, na hilo ni jambo la insafu, kwa kuwa ndoo moja ya maji ya kiwanda huweza kukichosha kijidudu kuliko ndoo kumi za maji ya nyumbani. Lakini tazama kasoro. Katika miaka ya hivi karibuni zaidi ya nusu ya maji yanayoingia katika mabomba ya eThekwini hayakuleta mapato: mengine huvuja njiani, mengine huchukuliwa bila mita, mengine hutumiwa na ankara haifiki au hailipwi. Maji yasiyoandikwa kuingia hayaandikwi kutoka pia. Kwa hiyo tundu moja hutoboa mifuko miwili, na anayelipa kwa uaminifu humbebea asiyelipa.

Mtambo wa Merebank na mteja wake

Kuna jambo moja lililofanyika jirani yetu, mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka Isipingo, ambalo lingestahili kusomeshwa katika kila mji wa Afrika. Miaka ya 1990 mtambo wa Kusini ulikuwa unakaribia kipimo cha bomba lake la baharini. Kuongeza bomba jingine la namna ile kungegharimu fedha nyingi. Palikuwa na wakati huo huo kiwanda cha karatasi cha Mondi, ukuta kwa ukuta na mtambo, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha SAPREF, vyote viwili vikinunua maji safi ya kunywa kwa ajili ya mashine zao. Ikaulizwa: kwa nini tunatupa maji upande mmoja wa ukuta, tukayanunua upande wa pili?

Ukaundwa ubia na kampuni zilizoongozwa na Vivendi ya Ufaransa, kwa kandarasi ya miaka 20. Mtambo wa kuyasafisha upya maji taka ukafunguliwa mwaka 2001, ukiwa na uwezo wa lita milioni 47.5 kwa siku. Gharama za ujenzi zilibebwa na wabia, si na mlipa kodi wa mji. Viwanda vikapata maji kwa bei nafuu kuliko ya kunywa. Maji ya kunywa yaliyokuwa yakienda viwandani yakabaki kwa ajili ya watu. Na bomba la baharini likapumua, kwa kuwa maji yaliyosafishwa hayakuhitaji kupelekwa kilindini, upanuzi wake ukaahirishwa. Nguzo ya mpango mzima ilikuwa mteja mwenye mkataba: mwenye fedha hukubali kujenga anapojua kwa yakini nani atanunua.

Na hapo hapo pana udhaifu wake. SAPREF ilisimamisha kazi mwanzoni mwa mwaka 2022, na mafuriko ya mwaka huo yakaikuta imefungwa. Mwaka 2024 ikanunuliwa na shirika la serikali kwa randi moja. Mtambo uliojengwa kwa kutegemea wateja wawili humpoteza mmoja, hesabu zikabadilika. Anayependekeza tufanye hivyo tena kwa maji ya Isipingo na viwanda vya Prospecton, na pendekezo hilo si baya hata kidogo, hana budi kuuliza kiwanda kinakusudia kukaa miaka mingapi.

Kwa kuwa wengi huuliza: je, maji ya namna hiyo ni tohara? Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa uamuzi kwamba maji yaliyoingiwa na najisi, yakisafishwa kikamilifu hata yasibakie ladha, rangi wala harufu ya najisi, huwa safi na yanafaa kutawadhia na kuondolea hadathi. Ama kuyanywa, baraza lilipendelea yaepukwe kwa kuchelea madhara ya afya. Mjini Windhoek, nchini Namibia, watu wamekuwa wakinywa maji ya mji yaliyochanganywa na maji taka yaliyosafishwa tangu mwaka 1968. Hapa Durban, manispaa ilipofikiria jambo kama hilo, wakazi wengi walilipinga. Watafiti waliowauliza watu wa dini mbalimbali za mji huu, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, hawakukuta kizuizi cha msingi cha kidini. Pingamizi kubwa hasa lilikuwa ni kutokuamini kama mtambo utaangaliwa vizuri kila siku, miaka yote. Hofu hiyo, kwa kweli, mimi siwezi kuidharau.

Kwa maana kujenga si kutunza. Wazee wetu waliokuwa wakiweka wakfu walilijua hili kuliko wahandisi wengi. Mtu akijenga kisima cha sabili hakuishia kwenye kisima. Aliweka pamoja nacho duka au shamba la minazi, ili mapato yake yanunue kamba na ndoo na kumlipa mwangalizi. Miji ya sasa hutafuta fedha za kisima, ikasahau za kamba. Ripoti ya serikali ya Afrika Kusini iliyotolewa mwaka 2022, ile wanayoiita Tone la Kijani, ilionyesha kwamba mifumo 334 ya maji taka ya manispaa, sawa na asilimia 39, ilikuwa katika hali mahututi. Mingi kati ya hiyo ilijengwa vizuri, ila fedha za kuitunza zilimezwa na matumizi mengine. Ndiyo sababu Hazina ya taifa imeanza kuziambia manispaa kubwa kwamba mapato ya maji na maji taka yawekwe kando, yasichanganywe na mfuko mkuu, na imeandaa ruzuku ya takriban randi bilioni 54 katika miaka 6 kwa zile zitakazotimiza masharti. Tazameni, ndugu zangu, kwamba sharti lenyewe ni la wakfu, hata kama walioliandika hawakulijua neno hilo.

Kisha ikaja mvua ya tarehe 11 na 12 Aprili 2022. Mahali pengine palinyesha zaidi ya milimita 300 kwa siku moja. Zaidi ya watu 400 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Prospecton ikawa bahari, na kiwanda cha magari cha Toyota, chenye maelfu ya wafanyakazi, kikafunikwa na maji na tope hata kikasimama kwa miezi. Vituo vya pampu na mitambo ya maji taka vikaharibiwa katika pande nyingi za mji, uchafu ukaingia mitoni, fukwe zikafungwa kwa miezi mingi. Baba mwenye kibanda cha vyakula ufukweni hakuwa na kosa lolote katika bajeti za miaka iliyopita, lakini alizilipia. Fedha ambayo mji haukuitoa kwa hiari ilichukuliwa kwa nguvu, na ilichukuliwa kwanza kwa walio mwisho wa mto.

Wageni na ankara

Sasa tufike kwetu. Mwishoni mwa mwezi wa Machi 2015 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia hapa hapa Isipingo, kisha yakaenea Durban. Wakongomani, Warundi, Wamalawi na wengineo walilala kambini, katika uwanja wa michezo wa Isipingo, na huko Chatsworth na Phoenix. Miongoni mwa manung'uniko yanayorudiwa kila mara ni kwamba wageni wamejaza mji na wanatumia huduma wasizozilipia.

Hoja hiyo ijibiwe kwa hesabu, si kwa hasira. Mpangaji hana ankara ya manispaa yenye jina lake, ni kweli. Lakini kodi ya chumba anayompa mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi ndiyo inayolipa kodi ya jengo, maji na maji taka. Familia nne za uani hulipa mara nne. Ikiwa fedha hizo hazifiki manispaa, au zikifika hazirudi mtaani kama bomba pana zaidi, aulizwe anayezishika.

Hakuna waliolionja neno "mgeni" kuliko Wazanzibari wa Chatsworth. Mababu zao, wengi wao Wamakua walioachiliwa kutoka utumwani, walianza kuletwa Durban mwezi wa Agosti 1873. Walikaa Kings Rest, pale Bluff, kwa takriban miaka tisini, wakiwa na msikiti wao na lugha zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria ya kugawa maeneo kwa rangi za watu ikawaondoa, wakapelekwa Chatsworth. Natoa mfano huu kwa sababu ya jambo moja tu: serikali ya ubaguzi ilipoazimia kuwahamisha watu kwa maelfu, ilipata fedha za kujenga mitaa mizima, barabara na mabomba yake, tena kwa haraka. Kumbe ukata huwa na milango yake ya siri.

Katika sheria ya mwaka 2000 ya mifumo ya manispaa, neno "jamii" halikufungwa kwa raia peke yao. Linawakusanya wakazi wa manispaa, walipa kodi za majengo, jumuiya za kiraia, na hata wapitao wanaotumia huduma zake. Mkimbizi hapigi kura, lakini ni mkazi, na mkazi ana haki ya kutoa maoni juu ya bajeti. Rasimu ya bajeti hutakiwa iwasilishwe mwishoni mwa Machi, maoni hupokelewa Aprili na Mei, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ndani ya rasimu hiyo mna kurasa za miradi, mtaa kwa mtaa, na humo ndimo mtu huona kama mtambo wa Isipingo au pampu ya mtaa wake imetengewa kitu, na ni mwaka gani.

Jumuiya zetu zina akina mama wanaojua ni bomba gani hufurika kila Ijumaa watu wakitawadha, na vijana wanaosoma Kiingereza bila taabu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: jina la barabara, tarehe za kufurika, picha, na swali kuhusu fedha zilizotengwa. Ziwepo sahihi za wapangaji pamoja na wenye nyumba, Wazulu na Wahindi jirani zetu pamoja nasi, kwani bomba ni moja. Na yule asiyejua kuandika asikae nyuma: sheria hiyo hiyo inasema kwamba manispaa inapoomba maoni ya maandishi, ni lazima itangaze kuwa asiyeweza kuandika anaweza kwenda ofisini saa za kazi akaeleza kwa mdomo, na mtumishi akamwandikia.